Kigezo cha Tatu

Ofisini mwao kulikuwa na desturi: kila mstari unaofutwa kwenye programu husomwa kwa sauti, na anayeufuta hujibu kwamba umefutwa. Programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya C, iliendesha pampu za maji za mji mzima, na hakuna aliyeicheka desturi hiyo.

Salhina alisoma, Mrisho akajibu. Amri ya kuwasha pampu ilipokea vigezo vitatu: namba ya pampu, kasi na muda wa kusubiri. Mrisho alikuwa amekiondoa cha tatu mahali thelathini na saba.

"Miaka minne kinapitishwa mkono kwa mkono kama sinia tupu harusini," alisema Mrisho. "Hakina kazi, dada."

"Nimehakiki," alisema Salhina. "Hakitumiki popote."

Ilikuwa kweli. Ukabaki mstari mmoja wa maelezo, juu ya amri yenyewe. Salhina aliusoma kwa sauti ileile: "Muda wa kusubiri utatumika hapa. Nitamalizia Jumatatu. Hamdani."

Mrisho aliajiriwa baada ya mazishi, lakini jina la marehemu mume wa Salhina alilijua. Akamgeukia.

"Huo tuuache tu, dada. Mashine yenyewe haisomi maelezo."

"Unaeleza kitu ambacho hakipo tena," alisema Salhina. "Futa."

Sasa ilikuwa zamu ya Mrisho kujibu kwamba umefutwa. Salhina alingoja, kalamu yake imetua juu ya kisanduku cha mwisho cha orodha ya mistari ya kufutwa. Kidole cha Mrisho kilikuwa juu ya kitufe, hakijashuka.