Dozi za Mbuzi

Mbuzi wa tatu alikata roho kabla sijamuwahi kwa kisu, akawa kibudu. Daktari alichuchumaa bandani, akambonyeza mguu uliovimba. Alipoondoa kidole, kishimo kilibaki palepale.

"Wote watatu waliopewa dawa wamekufa," alisema. "Moyo haukupata nguvu hata kidogo."

Kuwanywesha mbuzi ile dawa ya majaribio ni kazi yangu peke yangu, kila asubuhi.

Sikuweza kuacha kukitazama kile kishimo. Miezi miwili iliyopita miguu ya mama yangu ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa analala ameketi, anatafuta pumzi, na hospitali walisema moyo wake umechoka. Leo asubuhi amekwenda kwa miguu mpaka sokoni Bungu, akarudi na fungu la dagaa, wala hatweti.

"Kombe la maalimu limenikubali, mwanangu," aliniambia, huku akimalizia maji ya aya yaliyobaki kikombeni. Hajui ninachochanganya humo. Mbuzi nilikuwa nawapa maji ya bomba.

"Gharibu," daktari aliniita. Alikuwa amesimama kwenye sinki na katoni ya dawa, macho mekundu. Miaka minne ya kazi yake ilikuwa humo. "Niambie kweli kabla sijaandika kwamba haifai. Walikuwa wanapata dozi zao?"

"Walipata, daktari."

Akafungua chupa ya kwanza, akaanza kumwaga.