Baiskeli Isiyochoka Mlimani

Gurudumu la nyuma lilizunguka lenyewe, hakuna mguu uliokanyaga pedali. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa katikati ya chumba, na Nzabandora alikuwa amepiga magoti mbele yake akitabasamu. Chantal aliweka sufuria ya maharagwe chini akamtazama. Mwanamume anayetabasamia waya ana jambo.

Mwanzoni hakushuku kitu. Ilikuwa baiskeli ya kawaida ya milimani, ile aliyoshushia maziwa soko la Masisi. Kisha ikaja mota kutoka Goma, imejengwa ndani ya gurudumu jipya. Betri Nzabandora alizitoa kwenye kompyuta mbovu, akaziunganisha mwenyewe, akazifunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Paneli ya jua iliyowasha taa ya nyumba sasa ilichaji baiskeli, nao wakala gizani. Hayo Chantal aliyavumilia. Kilichomshinda ni kiti cha nyuma: kipana, cha sponji, kimevikwa kitenge kipya.

"Tangu lini maziwa inakala ku sponji?" aliuliza.

"Haiko ya maziwa."

"Iko ya nani?"

"Ya muntu mwenye kuchoka na mulima," alijibu Nzabandora, akaendelea kukaza nati.

Chantal hakuwahi kulalamika juu ya mlima hata siku moja. Basi wivu ukamkaba. Kwenye chemchemi aliwauliza wanawake kwa kuzungukazunguka, nao wakatazamana, wakageukia ndoo zao. Walikuwa na tabia hiyo kila akifika. Jirani yake, Mama Emérita, ndiye peke yake aliyefungua mdomo.

"Dada Chantal, ile kinga, ile baiskeli, itapanda mupaka ngambo ya bonde. Kuko mwanamuke kule. Mi sisemi zaidi."

Dalili ya mvua ni mawingu, na juu ya Chantal yalikuwa yametanda. Aliogopa, na tuseme wazi: aliogopa kufukuzwa. Nyumba ile aliifagia kila asubuhi, na jiko lile alilichochea kwa pumzi zake. Mwanamke mwingine akiingia, yeye hakuwa na pa kwenda.

Siku moja akachukua kisu, akakata waya wa mota. Nzabandora aliuona, akauunganisha tena.

Jumamosi akafika Papa Isidore, baba mdogo wa Nzabandora, amevaa koti lake jeusi. Mlima mzima ulilijua koti lile. Mzee huyo ndiye msemaji wa ukoo, na halitoi koti hilo ila anapokwenda kusema na wakwe. Nyuma yake vijana walibeba bidoni za kasikisi, pombe ya ndizi, iliyoiva vizuri mpaka harufu ikajaza ua.

"Hiyo kasikisi inaenda wapi, Papa?" Chantal aliuliza.

"Kwa wazazi ya mwanamuke," mzee alijibu bila kumtazama. "Muntu wa heshima haendaki kwa wakwe mikono mitupu."

"Na mimi?"

Papa Isidore alijifanya kukagua breki. Nzabandora alishika usukani.

"Nilikuambia tangu mwanzo, Chantal," alisema. Kisha akapanda baiskeli, mota ikavuma kama nyuki, na kile kilima kinachowatoa watu ulimi kikamezwa bila jasho.

Alasiri vigelegele vilianza ng'ambo, vikashuka bondeni, vikapanda tena mpaka uani. Watu walitoka mashambani na majembe yao mkononi. Nyuma ya Nzabandora alikuwa ameketi mwanamke mnene, mguu mmoja umevimba, amejifunga kichwani kitambaa cha kanisani.

Chantal alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Maneno makali alikuwa nayo tayari, na aliapa kwamba mwanamke huyo hatavuka kizingiti mpaka ayasikie yote.

Mama Emérita alimpita mbio, akamkumbatia mwanamke yule hata kabla hajashuka vizuri.

"Godelieve! Wazazi wako wamemusamehe bwana yako!" alipiga kelele huku machozi yakimtoka. "Bibi ya ndoa amerudi kwake!"

Godelieve alikiweka sawa kitambaa, akachechemea hadi mlangoni. Alimtazama Chantal toka kichwani hadi miguuni, kisha akamnyooshea mkono kwa adabu zote.

"Karibu kwangu, dada," alisema. "Unatafuta nani?"