Utumbo wa Mbuzi wa Mbaka

Abubakar alishika utumbo wa mbuzi kwa mikono miwili, akauvuta, nao ukapasuka kama gazeti lililolowa.

"Umeona, Bwana Dii-o?" alimwambia mzungu wa serikali. "Huyu hajawahi kunywa maji ya Kanyakine."

Watu waliojaa uwanjani pale Embu wakasogea kuona. Mbele yao alikaa Mzee Kithaka, mfugaji wa Kiambere, mikono imefungwa kwa kamba. Alishtakiwa kwamba mbuzi wake ishirini aliwapelekea wapiganaji wa msituni. Mwaka huo wa 1954 kosa hilo lilikuwa la kunyongwa, na serikali haikuwa na mchezo.

Aliyemshtaki ni Mbaka, mkubwa wa homgadi, wale askari wenyeji wa serikali. Kithaka alijitetea kwamba mbuzi wake walichukuliwa na huyo huyo Mbaka. Mbaka alikubali kwamba ana kundi zizini, lakini akaapa amelinunua Kanyakine, kule Meru. Mbuzi hana kipande shingoni cha kuonyesha kwao ni wapi, kwa hiyo Dii-o akamwita mtu anayejua mbuzi, amchinje mmoja wa zizi hilo.

Abubakar alikuwa na bucha mjini, na maofisa walikula nyama yake. Tena alikuwa Mwislamu. Wazungu walisema Mwislamu hawezi kula kiapo cha msituni, basi wakampa pasi ya kwenda popote kununua mifugo, na neno lake walilimeza bila kutafuna.

Alieleza kwa kifupi. Kwa Kithaka kuna kisima kimoja tu, cha maji machungu. Mtu akiyanywa miaka na miaka, tumbo halimpi raha tena. Kithaka mwenyewe hajamaliza sahani ya maharagwe tangu ujana wake. Mbuzi wake nao ni hivyo hivyo: nje wanapendeza, ndani utumbo umelika.

Daktari wa mifugo aliyeletwa na Dii-o akavaa miwani, akauchungulia ule utumbo uliopasuka. Akasema ndiyo, maji ya kisima kile yana floraidi nyingi, na floraidi ikiingia mwilini kwa miaka mingi huuchubua utumbo. Akaandika hayo kwenye karatasi.

Mbaka akabisha kwamba mbuzi mmoja si ushahidi. Abubakar akachinja wa pili kutoka zizi lile lile la Mbaka. Utumbo ukapasuka vile vile. Kisha akatoa utumbo wa mbuzi wa buchani, akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukuchanika.

"Nichinje wa tatu, Mbaka?" aliuliza. "Mimi kuchinja ndiyo kazi yangu, sichoki."

Watu wakacheka. Mbaka alivuliwa kofia ya serikali siku hiyo hiyo. Kithaka akafunguliwa kamba, akaambiwa achukue mbuzi wake aende nyumbani. Aliingia zizini, akawakagua mmoja mmoja, akamsukuma nje beberu mwenye kilema. Akasema huyo si wake. Dii-o alisema hajapata kuona mzee mwaminifu namna hiyo.

Jioni, Rahema, mke wa Abubakar, alimwekea mumewe chai na kumkazia macho. Naye alikuwepo uwanjani.

"Baba Idrisi, mimi ni binti wa mchinjaji. Wale mbuzi walikuwa wa Kanyakine kabisa. Utumbo wao unaweza kufungia ng'ombe."

Abubakar akainua kidole gumba. Ukucha wake ulikuwa mrefu, umenolewa kama wembe.

Rahema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akataka kujua kama ile habari ya kisima nayo ilikuwa ya kutunga.

"Ile ni kweli tupu," alisema Abubakar, akipuliza chai. "Mbuzi wa Kithaka niliwachinja mwenyewe kule msituni, wote ishirini, na hakuna hata mmoja ambaye utumbo wake haukunipasukia mkononi."