Kipande Kilichobaki Kwenye Bamba

Kipande kimoja kilikuwa kimebaki kwenye bamba la shaba, na Nabalayo alikiona hata kabla hajavua viatu.

Kilikuwa kidogo, urefu wa punje ya mchele. Vingine vyote, ngazi, antena na reli za kushikilia, vilikuwa vimeshatolewa na kubandikwa kwenye ile meli ya kivita ya plastiki iliyokaa juu ya meza ya chakula, nyumbani kwao Komarock. Kwa wiki saba watu walikuwa wakila na sahani mapajani kwa sababu ya hiyo meli.

Griffins, mwanawe, alikuwa baharia. Alirudi nyumbani Januari na begi moja tu, baada ya rafiki yake Kasiva kufa maji. Siku hiyo walikuwa zamu moja, wawili peke yao. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Nabalayo ana presha, na watoto wake wamezoea kumletea habari nzuri. Mbaya huzikwa mlangoni.

Kisha bahasha ikaja kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na bamba jembamba kama karatasi, vipande vya meli vimechongwa humo kwa asidi, vidogo vya kukuumiza macho. Griffins akafunga dirisha vumbi lisiingie, akaanza kazi. Harufu ya gundi ikatoka hadi nje.

Jirani wa mlango wa pili, aitwaye Wangu, hakukawia. "Mama Griffins, nakwambia kama dada. Wale vijana wanaonusa gundi pale stegi ya matatu walianza hivyo hivyo, na kichupa kimoja. Shauri yako."

Mzazi akishatiwa hofu hiyo habishi hodi. Nabalayo aliingia kwa kusukuma mlango. Alimkuta kijana amevaa barakoa, kibano mkononi. Kipande cha reli kilikuwa kimemruka na kupotea kwenye zulia. Alikuwa amepiga magoti anakitafuta, analia.

Mama akavuta kiti. "Lete hapa," akasema.

Yeye ni fundi wa nguo, mwaka wa ishirini na sita huu. Alikata kipande kwa wembe, akakikunja kwa ukingo wa rula, akatia tone la gundi kwa ncha ya sindano. Reli ikasimama wima kama kola ya shati la bwana harusi.

Kutoka siku hiyo walifanya kazi pamoja. Yeye anakunja, Griffins anamwonyesha mahali, akipima kila mara kwa rula na kusoma tarakimu kwenye kijitabu chake. Kijana akaanza kula. Akaanza hata mizaha. "Mathe, ungekuwa baharia ungeshonea nanga vifungo."

Siku moja tu ndiyo alisema neno la maana. "Ijumaa watu watatu wataiangalia hii meli. Wakiniamini, nitaanza maisha tena. Wasiponiamini, mathe, sijui."

Nabalayo alielewa: ni kazi. Mtu anataka kuona mkono wake kabla ya kumwandika. Alimpunguzia suti nyeusi kiunoni, maana alikuwa amekonda, na akawaambia wenzake wa kanisa wamweke kwenye maombi bila kutaja jambo.

Alhamisi mchana Griffins alimpigia simu dukani. Anaenda kwa kinyozi, akasema, naye mathe akifika nyumbani aitie meli kwenye boksi la televisheni, aibane kwa matambara na kulifunga kwa selotepu isiyumbe. Imekwisha, akasema.

Haikuwa imekwisha. Nabalayo aliinama, akaizunguka meza. Upande wa kushoto, karibu na nyuma, reli ilikuwa imekatika, na pengo lilikuwa upana wa kile kipande kilichobaki.

Maskini mtoto, amechoka hadi amesahau.

Hakuna nguo iliyowahi kutoka kwenye cherehani ya Nabalayo ikiwa na kifungo pungufu, hata kama mwenye nguo hajaona. Na hawa watu watatu wangeona. Mtu anayekukagua huanza na pengo.

Simu alikuwa nayo mfukoni. Hakupiga. Alikata, akakunja, akabandika. Hazikupita dakika tano, na hata yeye mwenyewe hakuona tena palipoungwa. Akafunga boksi vizuri, selotepu mara tatu. Griffins aliporudi hakumwambia. Mama hamtangazii mtoto kila kosa alilomrekebishia.

Ijumaa waliingia kwenye chumba kikubwa mjini. Watu watatu walikuwepo kweli, wamekaa mbele nyuma ya meza. Lakini kwenye benchi la kwanza alikaa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, na mapajani ameshika picha ya kijana aliyevaa sare. Chini ya picha pameandikwa Kasiva.

Wakili wa Griffins akasimama. "Waheshimiwa, mmeambiwa shahidi alimsukuma mwenzake. Ametengeneza mfano huu wa meli yao kwa vipimo kamili, ili mwone kwa macho yenu mahali ambapo reli haikuwepo siku ile, pale marehemu alipotelezea. Bwana Griffins, waonyeshe."

Griffins alifungua boksi. Akanyoosha kidole upande wa kushoto, karibu na nyuma, na kidole kikasimama hewani.

Mzee wa katikati alivaa miwani. Akaifuata reli kwa ncha ya kalamu, polepole, kuanzia mbele hadi nyuma, akazunguka, akarudi alipoanzia.

"Kazi safi," akasema. "Haina pengo hata moja. Sasa tuambie, kijana. Alipitaje?"