Fataki wa Mzee Kipriani

"Fataki wangu amefika?"

Mzee Kipriani aliuliza dirishani, kofia mkononi, kama alivyouliza wiki iliyopita na wiki ya kabla yake. Yusuph, mlinzi wa mlangoni, akaangua kicheko.

"Mzee, fataki wako tumemwona jana baa, anamnunulia mwanafunzi chipsi."

Benchi zima likacheka. Mwaka ule wa 2013 redio zilikuwa zimeshaligeuza neno hilo kuwa jina la wanaume wazima wanaorubuni mabinti wa shule. Mzee hakuelewa mzaha. Fataki alizozitaka yeye ni vile vikofia vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo ya gobore ili baruti iwake. Bila fataki gobore ni mchi tu, na bila kibali cha ofisi hii hakuna duka la kukuuzia.

"Sema 'fataki zangu zimefika', mzee," Siti alimsahihisha. Alikuwa karani wa ofisi ile ya vibali vya silaha, mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili kilichopinda kilimwasha masikioni hata kikitoka kwa mtu anayemheshimu.

"Ego, mwanangu," mzee akaitikia kwa Kiha. "Fataki zangu yuko wapi?"

Siti mwenyewe hakucheka. Juu ya kaunta mzee alikuwa ameweka tena magunzi yaliyotafunwa, ushahidi wake wa kila safari. Nguruwe pori walikuwa wamehamia shambani kwake huko Kitanga, wanakula na kulala humo kama wapangaji. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa yanamsomesha mjukuu wake, Herieth, yatima wa kidato cha pili aliyepangishiwa chumba hapa mjini. Yakiisha mahindi, na shule imeisha. Mzee alikuwa ameyasema hayo yote dirishani pale mpaka maneno yakamchosha.

Faili lilikuwa mezani kwa Bosi Longinus, chini ya chupa yake ya chai. Siti alishalitaja mara nyingi hadi akaogopa kuonekana amehongwa. Jibu lilikuwa lile lile: mambo ya silaha hayataki pupa. Siti aliona aibu kwa niaba ya ofisi nzima.

"Baba, usijitese," akamwambia siku ile. "Baiskeli na milima ile vitakuua. Huyo mjukuu wako si yuko hapa hapa mjini? Awe anapita akitoka shule, akufuatilie."

Mzee akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kiha, maneno mengi ambayo Siti hakuyajua.

Basi Herieth akawa anakuja. Mtoto mpole, anaamkia hadi mfagizi. Na Bosi Longinus, aliyezoea kuwaacha wazee benchini hadi chai ipoe, yeye alimwita ndani mara moja. Siti alifurahi kwamba angalau kuna mtu amelainisha moyo wa yule bwana. Lakini faili halikusogea. Leo lilitaka barua ya mtendaji, kesho picha ndogo, keshokutwa maelezo ya mipaka ya shamba. "Mwambie apite tena kesho," Bosi alisema kila mara, na Siti akaumia kuona mtoto wa watu anapigishwa kwata namna ile.

Mvua zikakatika, watu wakavuna. Kisha Herieth akaacha kuja.

Wiki ile ile Bosi Longinus akaitoa chupa ya chai juu ya faili, akaweka sahihi, akalisukuma kwa Siti bila kumtazama. "Akishanunua fataki, alete hilo gobore lake nilikague mwenyewe," akasema. Siti nusura apige kigelegele.

Mzee Kipriani alipokuja, alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia. Siti alimpa kibali kwa mikono miwili, akamweleza na agizo la ukaguzi. Mzee hakutabasamu.

"Pole kwa kusubiri, baba. Mahindi mmeambulia chochote?"

"Nguruwe ndiye alivuna."

"Sasa fataki si zimechelewa?"

"Kuna mmoja amebaki."

"Basi huyo atakukoma. Na Herieth, hajambo?"

"Yuko nyumbani. Shule imekwisha."

"Apumzike, kahangaika sana na hili faili," Siti alisema huku akitafuta mhuri. "Mwambie likizo njema."

Mzee akakikunja kibali, akakitia mfuko wa shati, akaondoka.

Wiki iliyofuata, alasiri ya siku ya gulio, alirudi na kitu kirefu kilichoviringishwa mkekani. Yusuph alimsimamisha mlangoni.

"Mkubwa alisema nilete, akague," mzee akasema.

Yusuph alikuwa na habari hiyo. Akampisha, tena akamshikia mlango.

Mzee akasimama dirishani. Safari hii hakuvua kofia.

"Fataki yuko ndani?"

Siti akatabasamu bila kuinua kichwa. Miezi yote hii, na bado. "Si 'yuko', baba," akasema. "Ukisema 'yuko' unakuwa umetaja mtu."

"Ego," mzee akajibu. Akampita, akausukuma mlango wa Bosi Longinus, akaingia, akaurudishia.

Nje watoto wa sekondari walikuwa wanapita na sare zao, madaftari kwapani, wanarudi makwao. Siti aliwatazama kidogo kabla ya kukumbuka kwamba shule zilikuwa bado hazijafungwa.