Mayi

Tangu Nzigire avuke mpaka na kuanza kumpikia Bi Mwanahawa, mgahawa wake haukosi foleni. Leo mlangoni walisimama wanaume wenye marungu, wakisaka wageni, ati wamewapora kazi.

"Mpishi wako ni wa wapi?"

"Mpwa wangu huyo."

"Basi aseme jagi aliloshika lina nini."

Yalikuwa maji. Nzigire akauma midomo. Kwao huitwa mayi, na ulimi wake haujazoea jina jingine.

"Ana haya tu," Bi Mwanahawa akawahi. "Kwani hamyaoni? Si mayi hayo!"

Likamponyoka, neno la utani wao wa jikoni. Marungu yakamgeukia.

"Nawe mama, umetoka wapi?"

Bi Mwanahawa, aliyezaliwa chumba cha nyuma cha mgahawa huo huo, akamshika Nzigire mkono, jagi likainama na maji yakamwagikia miguu yao wote wawili.