Tikisa Uzio, Mama

Ganda la mbegu ya alizeti lilipenya kati ya nondo mbili za uzio, likatua juu ya kiatu cheupe cha Ofelia Cantú. Historia haijaeleza kama Mheshimiwa alilenga au lilimponyoka tu. Ganda la pili lilifuata, likiwa na mate zaidi.

Mheshimiwa Wade Kirkendall, Seneta wa Jimbo la Texas, alisimama upande wa pili, amevaa fulana ya kuzuia risasi juu ya shati lililopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kumrushia risasi. Adui wake pekee asubuhi ile alikuwa jua, lililoiyeyusha poda usoni mwake na kuiteremsha shingoni kama uji uliofurika sufuriani.

"Mheshimiwa," Ofelia aliita, "lori lenu limeziba lango. Naomba kupita."

Aliyejibu ni Tanner, mtengenezaji wa tangazo la kampeni, aliyeshuka kwenye ndege kutoka Dallas asubuhi hiyo hiyo.

"Haipitiki, mama. Tunarekodi."

"Karatasi zangu ninazo."

"Siku hizi nani hana karatasi?"

Ofelia alikikumbatia kisanduku alichobeba. Ndani mlikuwa na taji la mjukuu wake Marisela, aliyekuwa akitimiza miaka kumi na mitano. Misa ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake ilikuwa karibu kuanza, kanisani, maili chache upande ule wa kina Tanner, na anayemvisha msichana taji ni bibi yake. Bibi huyu akikosekana, yupo yule mwingine, Hortensia, mama mzaa baba, aliyekuwa akiiombea nafasi hiyo tangu mtoto akiwa kwenye nepi. Naye padre hakuwahi kumngoja mtu, hata bwana harusi.

"Mjukuu wangu ananisubiri altareni," Ofelia alisema. "Nisogezeeni lori kidogo tu."

Tanner alimkagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akatabasamu.

"Tufanye hivi, mama. Utusaidie, tukusaidie. Mheshimiwa anahutubia, wewe uko nyuma yake. Unashika nondo, unatikisa. Tukimaliza, lori linaondoka."

"Nitikise nondo?"

"Kidogo tu. Kwa hamu."

Ofelia alimfikiria Hortensia. Akaweka kisanduku chini.

"Miwani vua," Tanner aliendelea. "Hereni pia. Na hilo gari lako lirudishe nyuma ya kichaka. Halifanani na gari la mtu mwenye njaa."

Alilirudisha gari. Akaja, akashika nondo, nazo zilikuwa moto kama kikaango.

"Ndugu zangu wa Texas!" Mheshimiwa alianza, akijaza kifua. "Huyu hapa nyuma yangu anataka nini? Anataka kazi yako. Anataka dawati la mwanao. Anataka kitanda chako hospitalini. Mkinirudisha kwenye Seneti, atapata chuma, na saruji, na… na nini tena?"

"Waya wa miiba, Mheshimiwa."

"Waya wa miiba! Nilijua. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Safari hii nzi alivutiwa na poda, akaingia mdomoni mwa Mheshimiwa katikati ya neno "usalama". Taifa lilimsubiri ateme.

"Mama!" Tanner alipiga kelele. "Nimesema tikisa, siyo pangusa vumbi! Na uso weka wa tamaa!"

"Tamaa ya nini?"

"Ya Amerika!"

Ofelia aliweka uso aliokuwa nao. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Tanner alisema huo huo, asiubadilishe.

Walipopumzika, Mheshimiwa alisogea karibu. Akajifuta shingo kwa taulo, akalitundika kwenye uzio, likiwa limelowa na rangi ya kahawia, karibu kabisa na pua ya Ofelia. Akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Huyu anaelewa tunachosema?"

"Vizuri tu, Mheshimiwa. Anaongea kama mimi na wewe."

"Basi asiongee kwenye tangazo langu. Wakiongea wanaanza kufanana na watu."

Mpiga picha alicheka. Ofelia alifungua mdomo. Akauona akilini mkono wa Hortensia, wenye pete zake zote, ukinyanyua taji juu ya kichwa cha Marisela. Akafunga mdomo, akashika tena nondo.

Akatikisa. Alitikisa mpaka shali likamwanguka, mpaka nywele alizotengenezewa jana zikamfunika macho, na Mheshimiwa akahutubia mpaka mwisho bila kusahau waya.

"Safi sana!" Tanner alisema, akipiga makofi. "Mama, una kipaji. Kijijini kwenu hakuna ukumbi wa maigizo?"

Lori liliondoka taratibu, kama lori lisilo na haraka na misa ya mtu.

Ofelia alipousukuma mlango wa kanisa, waumini walikuwa wanapiga makofi. Marisela alikuwa amegeuka kuwatazama, taji kichwani, taji jingine kabisa, kubwa zaidi. Pembeni yake Hortensia alitabasamu mpaka magego. Ofelia alibaki nyuma, akapiga makofi na wenzake. Viganja vilimuuma.

Jioni alirudi nyumbani alikozaliwa: Texas, kwenye kile kipande cha jimbo ambacho uzio ulipojengwa ulikiacha nje, kati yake na mto wa mpakani. Hakuingia ndani. Alianza kung'oa mabango ya Kirkendall bustanini, moja moja. Yalikuwa mengi, na yote alikuwa ameyachomeka yeye.